Kipupwe cha Mlima Isanzala

1

Dorika Mazoya aliteremka bondeni kwenda msibani akiwa amejiandaa kuchekesha watu. Yeye Mgogo, wafiwa Wahehe, na Mgogo akienda kwenye msiba wa mtani wake haendi kulia. Wa kulia wapo. Kazi ya mtani ni kuwanyang'anya wachimba kaburi majembe, kumsema marehemu kwa uchoyo wake na kudai alipwe kitu ndipo maiti azikwe, mpaka wafiwa wacheke japo kwa nusu dakika. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno yake. Aliyefariki ni Vumilia, mke wa Kihwele, na Vumilia alikuwa mwanamke wa kutaniwa hasa: sauti kubwa, mwepesi wa kujibu, na mpishi mbaya ajabu.

Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilikuwa linachoma. Lakini jua la Dodoma lilichoma tangu enzi za bibi yake, na siku hizi linachoma maradufu, kwa hiyo hakulitilia maanani.

Hakusalimia mtu. Alianza kupiga kelele akiwa bado mbali. "Mtu hazikwi hapa bila jogoo! Leteni jogoo! Na awe mnene, maana huyu Vumilia hajawahi kunipikia kitu kikaiva!"

Hakuna aliyecheka. Mtani akikuta kimya huongeza bidii, na Dorika akaongeza. Akavua viatu, akamsukuma mchimbaji mmoja pembeni, akarukia ndani ya shimo lililokuwa limefika kifuani, akajilaza chali kama anayepima kitanda kipya dukani.

Mgongo ulipogusa chini alikurupuka akakaa. Akaweka kiganja. Akakiondoa, akakirudisha.

Kwa miaka ishirini na miwili Dorika alikuwa akishika udongo kila siku ya kazi. Alikuwa fundi wa majira wa shamba la zabibu la Isanzala, kule mlimani, na kwa kiganja tu alikuwa anaweza kukwambia udongo una nyuzi ngapi. Alijua pia kuwa ukichimba futi tano, udongo hauna habari na jua. Unakaa na ubaridi wake, mwaka mzima, kama maji ya mtungi. Udongo wa kaburi la Vumilia ulikuwa na joto la uji uliotoka kuepuliwa.

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Juu ya shimo alitokea Kihwele, mzee mrefu mkavu, kofia mkononi.

"Umemaliza kucheza?" aliuliza.

"Mtani, huu udongo..."

"Leo usiniite mtani. Vijana wamechimba kwa kupokezana, kila majembe ishirini mtu anatoka, nyayo zimewatoka malengelenge. Unajua kwa nini?"

Dorika alikuwa anajua. 

"Mgongo ulikuwa unamsumbua, kitanda hakukiweza, akawa analala chini," Kihwele alisema. Hakupandisha sauti. "Daktari wa zahanati ameandika moyo. Sisi tulimwinua asubuhi, ubavu wote umebabuka kama mtu aliyeegemea jiko. Nilikuja kwako mara nne, Dorika. Mara nne. Sasa toka humo nimzike mke wangu."

Akatoka. Hakuna aliyempa mkono wa kumvuta, na akajikwaruza magoti. Alisimama nyuma kabisa ya watu mpaka ibada ikaisha, na alipokwenda kuvaa viatu vyake akakuta mtu amevitemea mate.

2

Mara nne. Akipanda mlima alizihesabu, na kila moja aliikumbuka neno kwa neno.

Mara ya kwanza Kihwele aliingia kwenye chumba cha mitambo akiwa anacheka. "Nyie Wagogo ombaomba, mmechoka kutuomba sasa mnatupika?" Yeye akamjibu, "Nani apike Mhehe? Mna harufu ya mbwa mliowala." Wakacheka, akampa chai.

Mara ya pili akasema maji ya kisima yanatoka ya moto. Dorika akamwambia ashukuru, wenzake mjini wanayalipia.

Mara ya tatu hakunywa chai. Alisema mke wake halali, wamemweka chunguni akiwa hai. Dorika akasema, "Akiiva mniletee mchuzi." Kihwele alikuwa na sifa ya kutania bila kucheka, uso mkavu kama jiwe, ndiyo maana watu walimpenda. Kwa hiyo uso wake mkavu haukumwambia Dorika chochote.

Mara ya nne alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema maneno mawili tu: "Mtani, nakuomba." Hapo ndipo Dorika alipocheka kuliko siku zote. Mhehe kumuomba Mgogo! Alikaa chini akajishika mbavu. Jioni aliwasimulia wenzake wote, na mlima mzima ukacheka. 

Chini kule bondeni ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unameza ng'ombe, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Hakuna aliyeutaka. Ndiyo sababu kaya thelathini za akina Kihwele zilipokuja miaka miwili iliyopita, zikikimbia mashamba yao yaliyokwisha kukauka upande wa Iringa, baraza la mlima liliwagawia huko na kujisifu kwa ukarimu. Ukipanda mita mia mbili, udongo unageuka kichanga chekundu. Ukifika lango la shamba unavaa sweta.

Dorika alivaa lake, akainua ukingo wa shuka na kuingia. Shuka ni jina walilolipa lile pazia jeupe lililotandazwa juu ya mlima wote, na chini yake mitambo iliyoitwa Kipupwe ilikuwa imeshusha joto hadi nyuzi sita. Mizabibu ilikuwa imelala. Hakuna jani, hakuna chipukizi, shina tupu mstari baada ya mstari. Siku ya thelathini na moja kati ya arobaini.

Mzabibu si mtama. Mtama ukiushibisha unakuzalia. Mzabibu ukiushibisha unaleta majani na uvivu. Kichanga cha Isanzala hakishiki maji, na chini yake kuna chokaa, kwa hiyo mizizi inalazimika kuyafuata maji mita nne, tano kwenda chini, na zabibu inatoka ndogo, ngozi nene, ladha yote imejikusanya. Udongo huo walikuwa nao tangu zamani. Walichokosa ni baridi. Mzabibu wa Dodoma ya zamani haukujua kulala: ukivunwa unapogolewa, ukipogolewa unachipua, mara mbili kwa mwaka, ukizeeka kabla ya wakati wake. Na usiku wa joto ulikuwa unaunguza uchachu wote, unabaki utamu mtupu usiofaa mvinyo wa maana. Nchi za ng'ambo zilizosifika kwa mvinyo zilipoungua moja baada ya nyingine, watu wa Isanzala wakafunga mitambo ya Kipupwe, wakaipa mizabibu yao usingizi, na dunia ikaja kugonga hodi.

Jambo ambalo wageni hawakuelewa, na Dorika alizoea kuwaeleza kwa fahari, ni kwamba Kipupwe hakitengenezi baridi. Hakuna mashine inayotengeneza baridi. Zote zinatoa joto hapa na kulipeleka pale.

Kwenye chumba cha mitambo alifungua mchoro wa mabomba. Zamani joto la mlima lilipanda mnarani na kutawanyika angani, lakini feni za mnara zilikula umeme mno. Miaka mitatu iliyopita fundi mmoja mwerevu alishauri mabomba yateremshwe yakazikwe mbugani, patupu, pasipo na hata mbuzi. Sahihi ya fundi huyo ilikuwa pale chini ya mchoro, D. Mazoya, na mkia wa kujivunia kwenye herufi ya mwisho.

Hesabu zake hazikuwa na kosa. Mfinyanzi uliolowa unalisambaza joto haraka, mvua ikija inalibeba. Lakini alipiga hesabu ya udongo uliolowa. Misimu miwili mvua haikunyesha, mfinyanzi ukakauka, na mfinyanzi mkavu unalifungia joto ndani. Kengele ya hatari aliiweka kwenye kiwango cha mahali pasipo na watu. Watu walipohamia juu ya mabomba alikusudia kuibadilisha. Alikusudia kweli, hata alikuwa ameandika kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa bado imebandikwa ukutani.

Akapiga hesabu upya kwa udongo mkavu. Akizima Kipupwe leo, mbuga itachukua miezi mitano kupoa. Hakuna mtu atakayekaa juu yake miezi mitano akabaki salama. Njia ya kuipoza haraka ilikuwa moja: kukigeuza Kipupwe, kivute joto kutoka mbugani na kulirudisha lilikotoka, kwenye mizizi ya mizabibu.

3

Wakulima wa ushirika walikutana alasiri hiyo uani kwa kiwanda cha kukamulia, karibu watu mia mbili, wengi wakiwa bado na masweta. Mwenyekiti wao alikuwa Yoeli Mazoya, kaka yake Dorika, mtu wa miaka sitini na ushei aliyelea wadogo zake wanne kwa mizabibu hii hii. Dorika alieleza yote, pamoja na sahihi yake. Hakujitetea.

"Ukigeuza, mizabibu itakuwaje?" Yoeli aliuliza, ingawa alikuwa anajua.

"Itaamshwa na moto, kaka. Itachipua kwa siku mbili, tatu, halafu mizizi itaiva. Pengine mmoja kati ya kumi utapona."

Kelele zikalipuka uani. Mama mmoja, Perusi, ndiye aliyesikika juu ya wote. "Walikuja wakaukuta moto! Nani aliwaita?"

"Sisi ndio tuliowagawia pale, mama."

"Tuliwapa ardhi bure wakapokea! Sasa wanataka na mlima?"

"Hawataki mlima wako. Wanataka kulala wasibabuke."

"Basi wahame," Yoeli alisema. "Watafutiwe mahali, hiyo miezi mitano."

"Wapi? Maji yapo huku juu tu. Waje wakae huku. Hata mtu mmoja kwa kila nyumba mbili, nyumba zinatosha."

Hapo wote walikuwa kitu kimoja. Hapana, hapana, hapana. Watu wa bondeni wakipanda hawashuki tena. Mwanamume mmoja aliyekuwa amecheka machozi kwa kisa cha Mhehe kumuomba Mgogo akatema chini na kusema watu wale walikuwa wachafu tangu walipokuja. Dorika alimtazama akagundua kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuwacheka.

Yoeli akamshika mkono, akamvuta pembeni karibu na mapipa.

"Nisikilize, mdogo wangu. Sikatai kuwa wanaumia. Lakini hapa kuna kaya mia mbili na kumi na mbili. Mzabibu unapandwa leo, unakuja kukupa mvinyo wa kueleweka baada ya miaka saba. Hawa wazee wana miaka saba? Mimi ninayo?"

"Vumilia hana hata siku moja."

"Vumilia ameshakufa. Ukiua mizabibu atafufuka?"

"Wapo wengine themanini na tatu wanalala pale leo."

"Mstari wa baba je?" Sauti ilimpasuka, na Dorika hakuwahi kumsikia kaka yake hivyo tangu walipomzika mama. "Ameupanda kwa mikono yake. Mwaka ule wa njaa alimwagia mizabibu maji ya kunywa, sisi tukalamba mawe. Unaukumbuka mwaka ule au umeusahau?"

"Naukumbuka."

"Basi ukikigeuza, usiniite kaka. Sitaitika."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kukigeuza Kipupwe hakuna aliyenyoosha ila Dorika. Aliuona mkono wake peke yake hewani na akauacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa hasira tu.

4

Ufunguo wa Kipupwe ulikuwa shingoni mwake. Sheria ya ushirika ilisema fundi wa majira anaweza kukizima au kukigeuza maisha ya mtu yakiwa hatarini, na haikusema maisha ya mtu wa wapi. Yeye ndiye aliyeiandika ibara hiyo, akifikiria mkulima aliyenaswa kwenye bomba.

Alitembea kwenda chumba cha mitambo huku watu wanamfuata nyuma. Hawakumzuia. Walimfuata wakimtukana, jina lake, uzao wake, mume aliyemkimbia, na hayakuwa matusi ya utani. Perusi alirusha jiwe likampata begani. Mlangoni alikuwa amesimama Yoeli, mkasi wa kupogolea mkononi, na kwa kitambo Dorika alimwogopa mtu aliyembeba mgongoni utotoni.

Yoeli alisogea pembeni. "Pita," alisema. "Nataka nikuone ukifanya."

Akapita. Alitamani angekuwa na uhakika moyoni, kama watu wenye haki wanavyosemekana kuwa nao. Hakuwa nao. Alikuwa na kiganja kinachokumbuka udongo wa kaburi, basi. Aliingiza ufunguo, akasoma kwa sauti masharti yote ya kugeuza kama kanuni ilivyotaka, akazungusha.

Pampu zilisimama. Kwa muda mfupi mlima ulikuwa kimya kiasi cha kusikia shuka likipepea. Kisha zikaanza kuzunguka upande wa pili. Yoeli alikuwa ameshaondoka.

5

Siku ya tatu mizabibu yote ya Isanzala ilichipua kwa pamoja. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililowaliza watu: kijani kichanga mlima mzima, nje ya majira, ikinukia. Siku ya sita majani yakajikunja. Siku ya tisa yalikuwa kahawia, na ukilivuta shina lilikuwa linatoka na mizizi yake laini kama viazi vilivyochemshwa.

Hakuna aliyemsalimia Dorika. Dukani walimuuzia bila kumtazama. Alikuwa akiamka mapema kwenda kumtazama Yoeli, ambaye alikuwa anaung'oa mstari wa baba yao peke yake, shina moja baada ya jingine, akiyapanga kwenye toroli kwa uangalifu. Siku ya kwanza Dorika alimwita, "Kaka." Hakuitika. Hakumwita tena, lakini alichukua jembe akaanza kung'oa kutoka ncha ya pili ya mstari, na Yoeli hakumfukuza. Walifanya hivyo siku tatu, mmoja huku, mwingine kule.

Bondeni udongo ulikuwa umepoa. Alikwenda kupima mwenyewe, akiwa amefunika uso kwa khanga, na chombo kilionyesha nyuzi ishirini na nne kwenye kina cha futi tano. Aliona mwanamke amelala mchana kwenye mkeka kivulini, chini kabisa, ardhini, amelala fofofo. Alisimama akimwangalia mpaka akaona aibu.

Siku ya kumi na mbili Kihwele alipanda mlima. Dorika alimwona tangu mbali, amevaa koti lake la kanisani, kofia kichwani, jogoo kwapani.  Alitupa jembe na kwenda kumpokea katikati ya mistari iliyokufa, na alipofika karibu hakuweza kujizuia, maneno yalimtoka yenyewe.

"Huyo ndiye jogoo? Mhehe wewe, huyo si jogoo, huyo ni mgonjwa! Mmeshindwa kumla mkaona mniletee?"

Akasubiri. Alisubiri lolote: ombaomba, Mgogo mwenye njaa, mla panya, mchawi wa baridi. Alisubiri kama mtu aliyenyoosha bakuli.

Kihwele alivua kofia. "Habari za asubuhi, Bi Dorika," alisema kwa upole. "Ni kweli, amekonda. Utuwie radhi, kuku wetu wengi walikufa. Siku ile ulisema mtu hazikwi bila jogoo, nasi tulizika bila kukupa haki yako. Wazee wamekaa, wakaona si vizuri ibaki hivyo."

Akamkabidhi jogoo kwa mikono miwili.

"Mtani..." Dorika alisema.

"Tunakushukuru sana kwa ulichokifanya. Tumeona hasara mliyoipata na tumesikitika. Tukiweza kusaidia kung'oa, tutume vijana, mtuambie tu."

"Nitukane," Dorika alisema. "Kihwele, tafadhali. Nakuomba."

Kihwele alimtazama. Kwenye uso ule mkavu Dorika alitafuta kitu, chochote, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliusoma sawasawa: haukuwa na utani.

"Mungu akubariki, dada," alisema, akavaa kofia, akaanza kuteremka.

Nyuma yake Yoeli alikuwa ameacha kung'oa, anaangalia. Dorika alibaki amesimama na jogoo mkononi, jogoo anapapatika, mwepesi sana, mpaka kofia ikapotea chini ya kilima.